Data ya biashara ikikwama, nani awajibike? Jinsi ya kugawa majukumu ya EDI katika idara za kampuni

Na MWANDISHI WETU

LORI limewasili alfajiri katika ghala la supamaketi jijini Nairobi likiwa na katoni 240 za sabuni. Karani wa mapokezi anaitazama kompyuta yake, kisha anatikisa kichwa. Mtambo wake hauna habari zozote kwamba shehena hiyo ilikuwa njiani, na bila habari hizo hawezi kuipokea.

Dereva anapiga simu kiwandani. Idara ya mauzo inasema agizo lilipokelewa na kushughulikiwa. Watu wa ghala wanasema walipakia walichoambiwa wapakie. Idara ya kompyuta inasema mitambo yote inafanya kazi. Idara ya uhasibu nayo inauliza ni lini pesa zitaingia, kwa kuwa mwezi unaelekea ukingoni na wafanyakazi wanasubiri mishahara.

Kila mmoja anasema kweli, na bado lori limesimama juani.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini yeyote aliyefanya kazi katika kampuni inayouzia maduka makubwa hatakiona kigeni. Kiini chake si ubovu wa mashine. Ni kwamba kampuni ilinunua mtambo wa kubadilishana data kwa njia ya elektroniki, yaani EDI, ikasahau kuamua ni nani atakayefanya nini.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika EDI tatizo aghalabu huwa la namna nyingine: chombo hakina nahodha hata mmoja, kwa kuwa kila baharia anadhani usukani umeshikwa na mwenzake.

EDI ni nini hasa?

Watu wengi hudhani kuwa kutuma agizo kwa barua pepe ni EDI. Sivyo. Barua pepe husomwa na mtu, ambaye hulazimika kuandika upya yaliyomo katika kompyuta yake. Katika EDI, kompyuta ya mnunuzi huzungumza moja kwa moja na kompyuta ya muuzaji kwa mpangilio ambao pande zote mbili zimeukubali, bila mkono wa binadamu kugusa data hiyo njiani.

Wazo hili si geni. Jiji la Berlin lilipozingirwa mnamo 1948 na shehena kulazimika kusafirishwa kwa ndege, mwanajeshi wa Marekani, Edward Guilbert, alisaidia kubuni mpangilio mmoja wa orodha za mizigo ulioweza kutumwa kwa teleksi, redio au simu. Mnamo 1968 kampuni za uchukuzi za Marekani ziliunda kamati ya kuoanisha data zao, na mnamo 1979 kamati ya viwango ijulikanayo kama X12 ikaanzishwa nchini humo. Nao Umoja wa Mataifa uliendeleza kanuni za EDIFACT, ambazo ziliidhinishwa mnamo 1987 na sasa hutumiwa sana nje ya Marekani.

Katika EDIFACT, kila hati ya biashara ina ujumbe wake. Agizo la ununuzi, lile ambalo wengi ofisini hulijua kama LPO, huitwa ORDERS. Jibu la muuzaji kwa agizo hilo ni ORDRSP. Taarifa kwamba shehena imeondoka ghalani ni DESADV. Ankara ya malipo ni INVOIC, na taarifa ya mnunuzi kwamba malipo yanafanywa ni REMADV.

Ukiufungua ujumbe wa aina hiyo utaona mistari mifupi isiyo na urembo. Kwa mfano, QTY+21:240 maana yake ni kwamba kiasi kilichoagizwa ni 240. Lakini ni 240 za nini? Ikiwa pande zote mbili zimekubaliana kuhesabu kwa katoni, lori litajaa. Ikiwa mnunuzi alikuwa anahesabu pakiti mojamoja, na kila katoni ina pakiti 12, basi alihitaji katoni 20 pekee.

Kompyuta haiwezi kuamua jambo hilo. Hata mtaalamu wa kompyuta hawezi. Anayejua bidhaa huuzwa vipi ni mtu wa mauzo, na anayejua hupakiwa vipi ni mtu wa ghala. Hapo ndipo hoja ya kugawa majukumu inapoanzia.

Mambo yalivyo nchini

Hapa Kenya, data ya biashara imekuwa ikihama kutoka karatasi hadi mitambo kwa miaka mingi. Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, ilileta mfumo wa forodha wa Simba mnamo 2005, ambao baadaye ulirithiwa na mfumo wa iCMS. Shirika la KenTrade liliundwa mnamo 2011 ili kuendesha mfumo mmoja ambapo mwagizaji bidhaa hupata vibali vya asasi mbalimbali za serikali bila kuzunguka ofisi baada ya ofisi.

Kisha pakaja ankara za kielektroniki za KRA. Chini ya mfumo wa eTIMS ulioanza mnamo 2023, data ya ankara hupelekwa kwa mamlaka hiyo. Kuanzia Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya aina hiyo haikubaliwi wakati wa kukokotoa ushuru wa mapato, isipokuwa pale ambapo sheria imeruhusu vinginevyo.

Maana yake ni kwamba kosa la data si aibu ya ofisini tu tena. Ankara ikikosewa, mnunuzi atakataa kulipa, kwa sababu hata yeye atapata hasara mbele ya mtoza ushuru.

Kosa la kuiachia idara ya kompyuta

Kampuni nyingi zinapoambiwa na mteja mkubwa kwamba lazima zijiunge na EDI, hatua ya kwanza ya meneja mkurugenzi huwa kumwita mkuu wa idara ya kompyuta na kumwambia: shughulikia.

Naye hushughulikia. Huunganisha mitambo, hufanya majaribio, na siku ya kwanza maagizo huanza kuingia. Watu hupigiana makofi. Baada ya miezi mitatu bei hubadilika, tawi jipya la supamaketi hufunguliwa, pakiti ya gramu 500 huondolewa na ya gramu 400 kuletwa. Hakuna anayemwambia mtu wa kompyuta, na yeye hana njia ya kujua.

EDI haina tofauti na mfereji wa maji. Fundi huweka paipu na kuhakikisha hazivuji, lakini usafi wa maji yanayopita humo hutegemea chanzo chake. Chanzo cha data ya biashara ni idara zinazofanya biashara.

Nani afanye nini?

Uongozi wa juu ndio wa kwanza. Meneja mkurugenzi au msaidizi wake anapaswa kumteua mratibu mmoja wa EDI na kumpa mamlaka ya kuuliza maswali katika kila idara. Mratibu huyo si lazima awe mtaalamu wa kompyuta. Anayefaa ni mtu anayeijua safari ya agizo kuanzia linapoingia hadi pesa zinapofika benki.

Uongozi pia ndio unaotia saini mkataba wa kubadilishana data na kila mshirika. Mkataba huo hueleza ni ujumbe upi utatumwa, ni wakati gani ujumbe huhesabiwa kuwa umepokelewa, na ni nani atakayebeba hasara ukipotea. Umoja wa Mataifa ulitoa mfano wa mkataba wa aina hiyo mnamo 1995, na wanasheria wa kampuni wanaweza kuutumia kama kielelezo.

Idara ya mauzo ndiyo mwenye data ya bidhaa na bei. Hii ni pamoja na ile nambari ya tarakimu 13 iliyo chini ya vistari vyeusi vya pakiti, ambayo kwa kampuni zilizosajiliwa kupitia GS1 Kenya huanza kwa 616. Bei ikibadilika, ni mauzo inayopaswa kumfahamisha mteja, kupata kibali chake, na kuamua ni tarehe gani bei mpya itaanza kutumika katika mitambo ya pande zote mbili. Mteja akifungua tawi jipya, ni mauzo inayopaswa kuomba nambari ya utambulisho ya tawi hilo kabla ya lori la kwanza kuondoka.

Idara ya ununuzi hufanya kazi kama hiyo upande wa pili, kwa wale wanaoiuzia kampuni malighafi. Ndiyo inayosajili wauzaji na kuhakikisha kuwa maagizo yanayotumwa yana bei na vipimo vilivyokubaliwa.

Ghala na uchukuzi ndio wenye ukweli wa kilichopakiwa. Ujumbe wa DESADV unapaswa kueleza kilichomo ndani ya lori, wala si kile kilichoagizwa. Ikiwa katoni 240 ziliagizwa na 228 pekee zikapatikana, taarifa iseme 228. Tena ni lazima itumwe kabla ya lori kufika, la sivyo haina maana. Karani wa ghala anayebonyeza kitufe cha "imeondoka" kabla hajahesabu anaandika uongo ambao utaivuruga idara ya uhasibu wiki tatu baadaye.

Idara ya uhasibu ndiyo mwenye ankara na malipo. Supamaketi kubwa hulinganisha hati tatu kabla ya kulipa: agizo, orodha ya bidhaa zilizopokelewa, na ankara. Zikitofautiana, ankara huwekwa kando. Uhasibu pia ndio unaohakikisha kuwa ushuru wa VAT umekokotolewa sawasawa, na kwamba ankara iliyotumwa kwa mteja ndiyo hiyohiyo iliyofika KRA.

Idara ya kompyuta hubaki na kazi yake halisi, nayo si ndogo. Huhakikisha mawasiliano hayakatiki, hutunza programu inayofasiri data ya kampuni kuwa EDIFACT au X12, huweka nakala za akiba, na hufuatilia vyeti vya usalama vinavyolinda ujumbe njiani. Vyeti hivyo huwa na tarehe ya mwisho. Kimoja kikiisha muda Ijumaa usiku bila mtu kujua, hakuna agizo litakaloingia Jumamosi.

Mwisho ni ukaguzi wa ndani. Sheria ya taratibu za ushuru inataka rekodi zihifadhiwe kwa miaka mitano, na rekodi za elektroniki ni rekodi kama zile za karatasi. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihusu kampuni ikiwa ujumbe wake una majina, nambari za simu au anwani za watu binafsi. Lazima pawe na mtu wa kuuliza iwapo haya yanatimizwa.

Ankara ya Sh288,000 iliyokwama kwa Sh12,000

Ili kuona jinsi idara hizi zinavyotegemeana, tuchukue mfano wa bei. Katoni ya sabuni ilikuwa ikiuzwa kwa Sh1,150. Kuanzia tarehe mosi, kampuni ikapandisha bei hadi Sh1,200. Afisa wa mauzo akampigia simu mnunuzi wa supamaketi, wakakubaliana, na kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake.

Mnunuzi hakubadilisha bei katika mtambo wake. Tarehe tatu, agizo la katoni 240 likaja kwa bei ya zamani, jumla ikiwa Sh276,000 kabla ya VAT. Mtambo wa muuzaji ukalipokea bila kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyeuamuru ulinganishe bei. Bidhaa zikapelekwa. Ankara ikatumwa kwa bei mpya, Sh288,000.

Mtambo wa supamaketi ukaona tofauti ya Sh12,000 na kuikataa ankara nzima. Si kwamba Sh276,000 zililipwa na Sh12,000 kubaki. Hakuna hata senti iliyolipwa.

Je, ni kosa la nani? Mauzo yalipaswa kupata kibali kwa maandishi na kuthibitisha kuwa mnunuzi amebadilisha bei. Mratibu alipaswa kuweka kanuni kwamba agizo lenye bei tofauti lisipite bila mtu wa mauzo kuliona. Idara ya kompyuta ilipaswa kuiingiza kanuni hiyo mtamboni. Uhasibu nao ulipaswa kugundua siku iyo hiyo kwamba ankara imekataliwa, badala ya kungoja siku ya malipo ipite.

Kosa lenyewe lilikuwa la mtu mmoja. Lakini hasara ilikua kwa sababu hapakuwa na zamu iliyopangwa ya kulikamata katika hatua tatu zilizofuata.

Wala hasara hiyo si ya kudharauliwa. Wauzaji wa humu nchini wanakumbuka jinsi Nakumatt ilivyowekwa chini ya msimamizi mnamo Januari 2018 huku ikiwa na madeni makubwa ya waliokuwa wakiiuzia bidhaa. Ankara inayolala mwezi mzima kwa sababu ya tarakimu moja ni pesa zako zilizo mikononi mwa mtu mwingine, na hujui kesho yake itakuwaje.

Maswali manne ya kila ujumbe

Njia rahisi ya kugawa kazi ni kuchukua karatasi na kuandika kila aina ya ujumbe ambao kampuni hutuma au kupokea. Mbele ya kila mmoja, jibu maswali manne: Ni nani anayeifanya kazi hii? Ni nani atakayeulizwa ikiharibika? Ni nani wa kushauriwa kabla ya kubadilisha chochote? Na ni nani wa kufahamishwa baadaye?

Swali la kwanza na la tatu yanaweza kuwa na majina kadhaa. La pili lazima liwe na jina moja tu. Ukiona majina mawili hapo, jua kwamba siku ya shida hakutakuwa na hata moja.

Andika jina la mtu, si la idara pekee, na mbele yake jina la atakayeshika zamu akiwa likizoni au mgonjwa. Idara haiendi likizo, lakini karani huenda.

Pili, amua ni nani atakayefungua orodha ya ujumbe uliokataliwa kila asubuhi, na kwa saa ngapi kila kosa liwe limepata mwenyewe. Makosa ya muundo na mawasiliano yaende kwa idara ya kompyuta. Ya bei na nambari za bidhaa yaende kwa mauzo. Ya idadi yaende kwa ghala. Ya ushuru na malipo yaende kwa uhasibu. Mratibu asiyarekebishe yote mwenyewe. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna linalolala.

Tatu, tenganisha mikono katika mambo ya pesa. Anayesajili nambari ya akaunti ya benki ya muuzaji asiwe yeye huyo anayeidhinisha malipo. Mtambo hulipa haraka, na humlipa mwizi kwa kasi ileile unayomlipia mwenye haki. Ombi la kubadilisha akaunti lithibitishwe kwa kupiga simu kwa nambari iliyokuwa kwenye faili tangu awali, si ile iliyoandikwa katika ombi lenyewe.

Kampuni ndogo nazo?

Huenda msomaji akasema kwamba kampuni yake ina watu sita, hivyo idara zote hizi ni ndoto. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiondoi haja ya kugawa majukumu. Katika kampuni ndogo mtu mmoja huvaa kofia tatu. Kinachotakiwa ni ajue ni kofia zipi, na kila moja anaivaa saa ngapi.

Wauzaji wadogo wengi hawana mtambo wa EDI wa kwao. Hutumia tovuti ya mteja, ambapo huingia kwa neno la siri, kuona maagizo na kuandika ankara. Hata hapo kuna maswali ya kujibu. Ni nani anayelijua neno hilo la siri? Akiacha kazi, ni nani atakayelibadilisha? Ni nani anayeingia kutazama Jumamosi?

Na hata katika kampuni ya watu wawili, anayeandaa malipo na anayeyaidhinisha wanaweza kuwa watu tofauti. Kanuni hii haihitaji pesa, inahitaji nidhamu.

Turudi kwa lori

Je, lori letu la katoni 240 lilikwama kwa nini? Katika mfano wetu, kiwanda kilituma taarifa ya shehena kama ilivyotakiwa. Lakini supamaketi ilikuwa imehamishia mapokezi katika ghala jipya, na nambari ya ghala hilo haikuwa imesajiliwa katika mtambo wa kiwanda. Taarifa ikatumwa kwa nambari ya zamani, nao mtambo wa supamaketi ukaikataa.

Jibu la kukataa lilirudi kiwandani dakika chache baadaye. Likaingia katika folda ya kompyuta, likakaa humo usiku wa kwanza, likakaa usiku wa pili. Halikupotea wala kufichwa. Halikuwa na msomaji tu.

Ujumbe wa supamaketi kuhusu ghala jipya nao ulikuwa umefika kwa afisa wa mauzo wiki mbili kabla. Aliusoma na kuuelewa. Hakujua kwamba ilikuwa kazi yake kuupitisha kwa mwingine, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia.

Dawa yake haikuhitaji mtambo mpya. Ilihitaji mistari miwili katika karatasi ya majukumu: anayepokea habari za matawi mapya ya wateja, na anayefungua folda ya ujumbe uliokataliwa kila siku saa mbili asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kiwanda hiki ulianza kubomoka kwa folda ambayo haikufunguliwa.